Aya ya Pwani

Kila mwezi wa tisa, kanisani kwetu karibu na Gachoka, mimi ndiye msomaji wa mvua. Si cheo nilichopewa na askofu. Ofisi ya kilimo huita mtu mmoja kutoka kila kijiji kwenye mkutano mjini Embu, tunakunywa chai, tunawasikiliza watu wa hali ya hewa, kisha tunapewa karatasi ya utabiri wa msimu twende tukawasomee wenzetu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na ninajulikana kwa mdomo, kwa hivyo hakuna aliyeshindana nami. Jumapili inayofuata, baada ya matangazo ya harusi na harambee, ninasimama mbele na kuitafsiri karatasi kwa Kimbeere, na hata wale wanaosinzia wakati wa mahubiri huamka.

Watu wetu wana mtindo wao na karatasi hiyo. Utabiri umegawanywa kwa aya, kila sehemu ya nchi na aya yake, nao hawataki kusikia habari za wengine. Mwaka wa kwanza nilithubutu kuanza na Turkana. Mzee mmoja wa kanisa alikohoa, akasema kwa sauti, "Mwalimu, soma yetu. Hizo zingine ziko na wenyewe." Watu wakacheka, nami nikajifunza. Tangu hapo nikawa naweka kidole kwenye aya yetu, naisoma, nakunja karatasi na kuitia ndani ya Biblia.

Mwaka ninaouzungumzia, aya yetu ilikuwa tamu. Mvua ya vuli ingezidi wastani, ingeanza mapema, na ingedumu. Kwetu Mbeere vuli ndiyo inayotulisha. Ile nyingine ya mwezi wa nne hutuahidi na kutuacha kwenye mataa. Akina mama walipiga vigelegele. Niliwaambia wapande ndengu mapema na wasiogope kupanua shamba. Nilirudi nyumbani nimevimba kichwa kana kwamba mawingu ni yangu.

Alasiri hiyo mdogo wangu alipiga simu. Ndiye ndugu yangu wa pekee. Mama yetu alifariki mdogo wangu akiwa darasa la pili, na mimi ndiye niliyemsuka nywele, nikamchapa, nikamsomesha. Alipokua alipata kazi katika mradi wa kunyunyizia mashamba maji, chini kabisa ya Mto Tana, upande wa Garsen, akaolewa huko na kupata watoto wawili. Walilima mahindi na ndizi ukingoni mwa mto. Kiswahili chake kimelainika kuliko changu, na hachoki kunicheka. "Mwalimu mzima unasema 'vitu yote'," huniambia.

Siku hiyo hakuwa na mzaha. Mumewe alitaka wahame kabla ya vuli, waende kukaa kwa kaka yake, mahali palipoinuka, mbali na mto. Yeye hakutaka. Mahindi yalikuwa yameanza kubeba na ngedere wangeyamaliza bila mtu wa kuyalinda.

"Ana wasiwasi tu na mto, hana sababu," alisema. "Nimemwambia angoje nikuulize. Nisomee na ya kwetu, dada."

Nilitoa karatasi kwenye Biblia, nikaweka kidole kwenye aya ya Pwani, nikamsomea polepole kama ninavyowasomea watoto imla. Mvua ya wastani au chini ya wastani. Itachelewa kuanza. Kutakuwa na siku nyingi kavu katikati ya msimu. Tulicheka sote wawili: mtu anakimbia maji na mwaka wenyewe ni wa ukame!

"Kaeni," nikamwambia. "Mwambie bwana yako aache uoga."

Nililisema neno hilo kwa kinywa changu. Hakuna mtu wa kumsingizia.

Mvua yetu ilikuja kama ilivyoandikwa. Ndengu zilichipuka zote, hata zile zilizoangukia njiani. Wiki ya tatu barabara ya shule iligeuka tope hadi magotini na bado watu walikuwa wakisalimiana kwa furaha. Njiani walinishika mkono na kuuacha kwa shida. Mimi nilisema si mimi, ni Mungu, lakini mkono niliutoa.

Basi ikawa siku moja ya mwezi wa kumi na moja, saa ya chakula cha mchana, walimu tumekaa ofisini na sahani za githeri. Mwenzetu mmoja alikuwa amefungua redio kwenye simu yake. Mtangazaji alisema bwawa la umeme la Mto Tana limejaa, maji yamekuwa yakimwagika kwa siku kadhaa, na watu wote wanaoishi kandokando ya mto kule chini wahame mara moja. Mwenzangu akasema angalau mwaka huu stima haitapotea. Mwingine akaomba chumvi.

Wazo langu la kwanza lilikuwa la kijinga. Nilijiambia: lakini Pwani ni kukavu, nilisoma mwenyewe. Kisha nikakiweka kijiko chini na kuisukuma sahani kando.

Ninafundisha somo la mto huo. Kila mwaka nauchora ubaoni kwa chaki ya bluu: chimbuko milimani, mabwawa hapa chini yetu, kisha ile mito ya Nkubu na Chuka inayoingilia mbele, ambayo hakuna ukuta wa kuizuia, halafu safari ndefu ya nchi kavu hadi baharini. Huwauliza watoto, maji ya Pwani yanatoka wapi? Nao hujibu kwa pamoja, "Kwetu, mwalimu!" Huwapigia makofi. Bwawa lenyewe naliona nikisimama mlangoni mwa darasa. Na bado nilimsomea mdogo wangu aya ya mvua itakayomwangukia yeye, nikasahau ile inayotuangukia sisi na kumfuata.

Nilipiga simu yake. Mteja hapatikani. Nikapiga ya mumewe. Mteja hapatikani. Nilitoka nje nikapiga tena chini ya mvua, kana kwamba paa la ofisi ndilo lililozuia. Mwalimu mkuu aliniona uso akaniambia niende nyumbani.

Nyumbani niliitoa karatasi kwenye Biblia na kwa mara ya kwanza nikaigeuza. Upande wa pili kulikuwa na maonyo, na la tatu lilikuwa limeandikwa wazi kabisa, kwa Kiswahili ambacho hata mtoto wa darasa la nne angekielewa: walio kandokando ya mto kule chini wajihadhari na mafuriko, hata kama kwao hakuna mvua, kwa sababu ya mvua kubwa ya nyanda za juu. Nililisoma nikiwa nimesimama. Kisha nikakaa sakafuni na gumboti zangu za matope.

Siku zilizofuata nilikaa roho mkononi. Mvua haikukatika. Mtu wa Mbeere hafundishwi kuichukia mvua. Sisi huiita kwa kufunga na kuomba. Mimi niliichukia. Kila iliponguruma juu ya bati nilijua inakokwenda. Niliyaangalia maji yakitiririka kutoka uani kwangu, yakavuka njia, yakaingia kwenye kijito, na kijito najua kinaingia wapi, na mwisho wa yote wamesimama watoto wawili ambao mdogo kati yao hajafika hata kiuno changu. Niliweka ndoo na sufuria zote nje kukinga maji. Hata karai la kuogea niliweka. Ni wazimu, najua, lakini nilifikiri angalau haya hayatamfikia.

Jirani yangu alikuja na kikapu cha majani ya kunde, mabichi, yanang'aa.

"Mwalimu, mvua imekuja vile ulisema! Mwaka ujao sisi tutakuwa tunakuuliza wewe tu."

Nilitaka kumpiga kofi. Nilipokea kunde, nikasema asante, nikafunga mlango na kulia nikiwa nimeziba mdomo kwa leso.

Siku ya nne nilirudi kazini kwa sababu nyumba ilikuwa inaniua. Nilikuwa nikisahihisha hesabu, saa nne na nusu asubuhi, wakati simu ilipotetemeka mara moja na kukatika. Nambari ngeni. Nilitoka darasani mbio na kuipigia.

"Dada," ilisema sauti yake. "Tuko hai."

Niliegemea ukuta. Nilimuuliza habari za watoto, akasema wako, mdogo ana homa lakini amepewa dawa. Mume yuko. Nyumba hakuna, mahindi hakuna. Alinisimulia haraka haraka, kwa simu ya mtu. Maji yalikuja mchana, jua linawaka, anga hata wingu halina. Alikuwa akianua nguo. Aliona udongo mkavu kati ya mahindi unakuwa mweusi, akadhani ni mfereji umepasuka, akaenda kuuziba kwa jembe. Kufika saa kumi walikuwa juu ya paa la zahanati. Walikaa hapo siku mbili bila chakula, akiwa amewafunga watoto kiunoni kwa kanga, hadi mashua ilipowafikia. Sasa walikuwa shuleni, mahali palipoinuka, karibu na kwa shemeji yake.

"Mume wangu hakunilaumu," alisema. "Na mimi nimemwambia, haya ni ya Mungu, hakuna mtu angejua. Kama ingejulikana, dada angetuambia."

Niliibana simu sikioni kwa mikono miwili.

"Sasa angalia karatasi yako," akaendelea. "Maji yameanza kupungua. Yeye anasema tusirudi hadi msimu uishe. Mimi naona tukirudi wiki hii tutawahi kupanda tena kwenye tope. Turudi ama tungoje? Wewe sema."

Alikuwa ananisubiri. Nilisikia watoto wa watu wakilia nyuma yake, na mtu akigawa vikombe. Niliogopa wakati huo kuliko nilivyoogopa siku zote nne, kwa sababu aliniamini vilevile, na ningeweza kunyamaza akaendelea kuniamini hadi nife.

"Usiniulize mimi," nikasema. "Mfuate mumeo. Ilikuwa imeandikwa."

"Nini?"

"Mafuriko yenu. Yalikuwa upande wa pili wa karatasi. Sikugeuza."

Nilidhani laini imekatika, nikaita jina lake mara mbili.

"Sawa, dada," alisema hatimaye, taratibu, kama anavyozungumza na wageni. "Wacha nikate, salio linaisha."

Simu nilikuwa nimepiga mimi.