Siku Tulipoletewa Ngozi za Chui

Watu wakisikia kwamba nilikaa Guangzhou mwishoni mwa miaka ya tisini, hutaka niwasimulie habari za bei na mizigo. Habari hizo ninazo. Lakini kinachonipandisha damu hadi leo ni chumba kimoja cha ghorofa ya saba, na yale tuliyofanyishwa ili tukipate.

Waswahili wa Xiaobei, mtaa wetu pale Guangzhou, tulikuwa wachache wakati ule. Mtu akikohoa ngazini tulijua ni nani. Wengi walikuwa Waislamu wa Dar na Unguja, na sisi Wakristo wa bara tulikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Mimi nilitoka Korogwe, nikinunua nguo za watoto, na kabla ya biashara nilikuwa mwimbaji wa kwaya tangu nikiwa msichana. Sote tuliishi katika hoteli za bei rahisi zenye vyumba vya vitanda viwili. Hoteli zile zilikuwa na sheria yao: wageni wakizidi watatu chumbani, huo ni mkutano, na mkutano ni marufuku.

Asubuhi moja Mwenyekiti alipigiwa simu kutoka Temeke kwamba mama yake amefariki. Cheo cha uenyekiti tulimpa sisi wenyewe, kwa sababu alijua Kichina kidogo na alikuwa na fremu ya duka katika jengo jipya la maduka ya jumla pale mtaani. Hakukuwa na ndege ya kumfikisha nyumbani kabla ya maziko. Tukaenda chumbani kwake kumpa pole. Wanaume walikaa vitandani wakaanza kusoma Yasini, wanawake tukakaa sakafuni hadi kwenye mlango wa choo. Hawajafika hata nusu, mlango ukafunguliwa bila kubishwa. Walikuwa meneja wa hoteli na walinzi wawili.

“Chuqu! Chuqu!” Tokeni, tokeni.

Mwenyekiti alijaribu kuwaeleza. Alisema mama, akaonyesha kifua chake, akaonyesha kitabu. Mlinzi mmoja akamshika mkono akamvuta kama mtu anayetoa mbuzi shambani. Dua tuliimalizia barabarani, kwenye manyunyu ya mvua, pembeni ya fundi baiskeli aliyeacha kazi yake na kuvua kofia. Fundi yule ndiye mtu pekee aliyetuheshimu siku ile. Mwenyekiti alilia amesimama, huku watu wakimpita na matoroli ya mizigo na kumwambia apishe njia.

Kuanzia hapo hatukuzungumza kitu kingine. Tulitaka chumba. Mahali pa kusali, pa kukalia msiba, pa kusherehekea mtoto akizaliwa nyumbani. Tulizunguka mtaa mzima. Kila mlango tuliobisha tuliambiwa meiyou, hakuna, wakati vyumba tunaviona vitupu kwa macho yetu.

Ndipo mwenye lile jengo la jumla, laoban kama wanavyowaita matajiri kule, akamwita Mwenyekiti. Jengo lilikuwa bado halijafunguliwa rasmi na fremu nyingi hazikuwa na watu. Alitaka ionekane kwamba wateja wa Kiafrika wako kwake. Alikuwa na mkalimani, mzee wa Kichina aliyefanya kazi kwenye reli ya Uhuru akiwa kijana, akakaa miaka kadhaa Mlimba. Kiswahili chake kilikuwa safi, cha watu wa kule. Alikuwa akitusalimia “kamwene”, salamu ya kule, nasi tunacheka.

“Bosi anasema atawapa chumba ghorofa ya saba, bure,” mzee yule alituambia. “Siku ya ufunguzi anaomba mtumbuize. Ngoma, wimbo, watu wafurahi.”

Hilo halikutukera. Nani asiyetumbuiza kwenye ufunguzi? Tena tulikuwa na mtu wa kutuongoza, Bi Mkubwa wa Ng'ambo, mama wa Unguja aliyekuwa na umri wa kunizaa, ambaye ujanani aliimba kwenye vikundi vya taarab vya kina mama. Alikuwa anafunga mizigo ya vyombo vya plastiki, na huku anafunga anatunga. Alikusanya wanawake, tukawa sita pamoja naye. Alinichukua na mimi, Mkristo wa kwaya, akaniambia sauti yangu ni nzuri ila naimba kama nafukuzwa.

“Usiukimbize wimbo, mwanangu. Utasema una basi la kuwahi.”

Tulifanya mazoezi wiki tatu, kila siku alasiri, ghorofani kwenye mgahawa wa Waislamu wa Kichina, baada ya watu wa chakula cha mchana kuondoka. Mwanamume mmoja wa Tanga alipiga kinanda, mwingine dumbaki. Wimbo aliutunga mwenyewe Bi Mkubwa, na mpaka leo naujua wote. Ulianza hivi:

Nimekuja kwa hiari, sikutoroka kwa watu,
Nimebeba na fahari, ya jina langu na utu,
Kama wataka habari, uliza, mimi ni mtu.

Tuliagiza kanga za sare kutoka nyumbani, nyekundu na nyeupe, zikaja ndani ya begi la mfanyabiashara mwenzetu. Siku tulipozivaa kwa mara ya kwanza pale mgahawani, wapishi walitoka jikoni kututazama. Nilijiona mrembo. Nilikuwa nimekaa mji ule mwaka mzima nikionekana kama pochi inayotembea, na sasa nilikuwa na kitu changu cha kuonyesha.

Siku ya ufunguzi tulifika mapema. Kulikuwa na maua ya karatasi, maputo, jukwaa mbele ya mlango mkuu. Tukaingizwa kwenye stoo nyuma ya jukwaa tujiandae. Humo tukakuta boksi. Mzee mkalimani alikuwa amesimama kando yake, haangalii mtu.

“Bosi anaomba mvae hizi,” alisema.

Bi Mkubwa alifungua. Zilikuwa ngozi za chui za kitambaa cha manyoya bandia, na sketi za nyuzi za plastiki za rangi ya majani makavu. Kulikuwa na mikuki ya mbao iliyopakwa rangi ya fedha, na mifupa. Ndiyo, mifupa ya plastiki, ya kuchomeka nyweleni.

Sikumbuki nani alicheka kwanza. Tulidhani ni utani. Mwenyekiti akaingia, akaona, akalifunika boksi. Hapo nikajua kwamba si utani.

“Ulikuwa unajua?” nikamuuliza.

“Nimeambiwa asubuhi hii. Dada yangu, ni dakika kumi tu.”

“Dakika kumi za kuwa nyani?”

“Ni dakika kumi, na tunapata chumba.”

Nikamgeukia mzee wa reli. “Baba, wewe ulikaa Mlimba. Ulikula kwetu, ulilala kwetu. Ulimwona nani amevaa hivi?”

“Sikumwona mtu,” akasema.

“Basi mwambie bosi wako.”

Alitoka. Kupitia upenyo wa mlango nilimwona akiinama karibu na sikio la laoban. Alisema maneno machache sana, na laoban akacheka akampiga piga begani. Alisema nini sijui. Labda alinisemea, labda aliomba tuongezewe maji ya kunywa. Aliporudi alitikisa kichwa tu.

Nilimwambia Mwenyekiti kwamba ameuza watu. Nilimwambia mama yake angeona aibu. Neno hilo nililitamka mimi, kwa kinywa changu, kwa mtu ambaye hajamaliza arobaini ya mama yake. Nikaitupa ile sketi ya plastiki sakafuni nikatoka, na mwanamke mwingine mmoja akanifuata. Nilidhani Bi Mkubwa atatoka pia. Nilisimama ng'ambo ya barabara nikimngoja.

Hakutoka. Walipanda jukwaani wanawake wanne. Bi Mkubwa alikuwa ameifunga ngozi ya chui juu ya kanga yake, na mtandio wake hakuuvua. Mfupa hakuweka. Aliimba wimbo wote, beti zote, polepole kama alivyotufundisha, na sehemu yangu ya sauti ya juu ikabaki wazi kama jino lililong'oka. Mtu wa kipaza sauti alikuwa akilia hu hu hu katikati ya beti, na umati ukamwitikia hu hu hu. Bi Mkubwa alifika kwenye “mimi ni mtu” na umati unapiga mayowe ya nyani. Nilitamani kuokota jiwe. Sikuokota. Nililia kwa hasira, na muuza machungwa mmoja akanisogezea kigoda nikae.

Chumba kweli walipewa. Kilikuwa na dirisha moja na zulia la kijani. Mimi niliapa sitakanyaga. Niliapa mbele ya watu, nikajisikia shujaa, nikawa nasikia habari za chumba kile kutoka kwa wengine: wamesoma hitima ya mama wa Mwenyekiti, wamesali Ijumaa, Wakristo wamepewa Jumapili asubuhi. Wiki ya nne nikaenda na Biblia yangu, nikaingia kimya kimya. Hakuna aliyenisema, na hilo liliniuma kuliko kusemwa.

Ila pale chini, mlangoni mwa lifti, laoban alikuwa ametundika picha kubwa yenye fremu ya dhahabu. Wanawake wanne katika ngozi za chui. Kila aliyeingia jengo lile aliiona. Wateja walisimama kando yake wakapigwa picha wakitoa ulimi. Nilimfuata Bi Mkubwa alipokuwa anafunga mizigo yake.

“Shikamoo, Bi Mkubwa. Hii picha tuseme itolewe.”

“Marahaba. Kaseme.”

“Twende wote.”

Alikata utepe kwa meno kabla ya kunijibu. “Siku ile ulitoka, ukapiga kelele, ukaenda zako. Sisi tulibaki na wimbo wenye pengo. Mie nimeimba na chui mgongoni kwa sababu nimeona mtu anafukuzwa kwenye msiba wa mamake. Wewe pia uliona. Leo unakuja kunifundisha aibu?”

Nikamwambia kwamba wangekataa wote, laoban asingekuwa na la kufanya. Akaniambia kwamba laoban angekuwa na la kufanya: angefunga mlango. Tukaachana hivyo. Nilikasirika naye, na nilikasirika zaidi kwa kuwa sikuweza kusema amekosea wapi.

Chumba tulikaa nacho miezi minne. Fremu za jengo zilipojaa, hatukuwa na kazi tena kwa laoban. Kwanza tulikuta maboksi ya midoli kwenye kona. Mwenyekiti akasema tuvumilie. Wiki iliyofuata maboksi yalifika katikati ya zulia. Tukavumilia, tukasali tumebanana. Kisha ikaja habari kwamba mmoja wetu, kijana wa Mwanza, amefiwa na mtoto wake wa pekee nyumbani. Tukapanda ghorofa ya saba saa nne asubuhi. Ufunguo haukuingia. Kitasa kilikuwa kipya.

Mwenyekiti alijaribu ufunguo mara tatu. Nilingoja aseme tuvumilie. Badala yake alivua viatu, akaviweka vizuri ukutani, akakaa chini katikati ya ukumbi wa kupitia, mgongo kwenye mlango uliofungwa. Akamvuta yule baba wa marehemu akamkalisha kando yake. “Kaeni,” akatuambia. “Leo hatusogei.”

Tukakaa. Waislamu walisoma, kisha sisi tukaimba wimbo mmoja wa kumpumzisha mtoto. Walinzi walikuja, wakapiga kelele, wakaita wengine. Mmoja alianza kumvuta Mwenyekiti kwa kola na shati likachanika, naye hakuacha kusoma. Mimi nilijikuta nimekaa bega kwa bega na Bi Mkubwa. Alikuwa ameshika mkono wangu kwa nguvu hadi kucha zake zinaniingia, na hatukuangaliana. Mzee wa reli alitumwa aje kutuondoa. Alifika, akasikiliza, akasimama kwenye ukuta na mikono nyuma mpaka tukamaliza. Kuhusu siku ya ngozi sikumsamehe, lakini siku hii nimeihesabu kama wema wake.

Tulipomaliza tulishuka kwa ngazi, wote pamoja, walinzi nyuma yetu. Pale mlangoni mwa lifti Bi Mkubwa alisimama. Alinyoosha mikono, akaitoa ile picha ukutani pamoja na msumari wake, akaiingiza chini ya buibui lake akatoka nayo mbele ya macho ya walinzi. Hakuna aliyethubutu kuingiza mkono kwenye buibui la mwanamke wa makamo.

Mwenyekiti alinyang'anywa fremu yake wiki ile ile. Alihamia jengo jingine, fremu ndogo chini ya ngazi, na biashara yake haikukaa sawa tena. Nilimwendea kumwomba radhi kwa lile neno kuhusu mama yake. Akasema alishasahau. Alikuwa anadanganya kwa upole, na nikamwachia.

Bi Mkubwa nilimuuliza baadaye, siku anaondoka kurudi Unguja moja kwa moja, ile picha aliifanyaje. Nilitaka kusikia kwamba aliichoma. Nilikuwa hata tayari kununua kiberiti.

Alikuwa anakaza kamba ya begi lake la mwisho. “Unaitakia nini?” akasema. “Wewe hukuwamo.”