Jani Juu ya Printa

Printa ya hapa ofisini ikipata moto, karatasi hunukia, nami hujikuta tena kwenye njia ya matope kati ya migomba, nikihema.

Kompyuta ilikuwa kwetu. Printa ilikuwa ng'ambo ya migomba, kwa baba mkubwa, na waifai ndiyo iliyoziunganisha. Bibi alikuwa anazikwa kesho yake, na ratiba ya mazishi ilikuwa bado haijachapishwa. Baba alibonyeza, akanituma.

"Shikamoo baba mkubwa. Baba anauliza kama imetoka."

"Marahaba. Mwambie haijatoka."

Baba akazima ruta, akaiwasha, akabonyeza tena. Nikakimbia. Haijatoka. Mara ya tatu pia haijatoka. Sikuelewa kwa nini baba asiende kuiangalia mwenyewe, wala kwa nini baba mkubwa, aliyekaa kando ya printa, hata haigusi.

Mara ya nne baba hakubonyeza kitu. Alitoka hadi mpakani mwa kihamba, shamba letu la nyumbani, akakata jani la isale, akalifunga fundo.

"Peleka kule."

Isale nililijua. Ndilo jani ambalo watu wa kwetu humpelekea mtu waliyemkosea. Lakini printa tumeikosea nini? Nikaenda, nikaliweka juu yake.

Baba mkubwa alilitazama. Kisha akainama, akachomeka waya ukutani. Karatasi zikaanza kumiminika, za mara zote tatu.

"Mwambie baba yako zimetoka," alisema. "Aje azichukue mwenyewe."