Kitambaa Juu ya Kisanduku cha Sauti

Saa nne asubuhi, Radivoje Stanić amepiga magoti chini ya meza ya Bibi Vukosava, mjini Valjevo, akichomoa waya wa USB kwa mara ya tatu mwezi huu. Waya huo hutoa sauti kwenye kompyuta na kuipeleka kwenye kisanduku kidogo kinachoendesha spika. Kila kitabu cha kusikiliza huanza vizuri, kisha sauti hukwaruza na kukatika.

Bibi Vukosava haoni. Bila vitabu hivyo, siku haziishi.

"Sura ya kwanza naijua kwa moyo," anasema. "Ya pili sijui hata inaanzaje. Au unaniroga ili nikuite tena?"

"Ningekuwa mchawi, bibi, ningeanza na goti langu."

Radivoje alikuwa fundi wa kiwanda cha redio hadi kilipofungwa miaka kumi na moja iliyopita. Hapa amebadilisha waya, tundu la kuchomekea, hata programu. Akiwepo, kila kitu hufanya kazi. Leo amekuja kukiri kwamba ameshindwa.

"Mara mbili umekataa kahawa yangu," bibi anamwambia. "Leo hutoki."

Radivoje anarudisha waya, anaanzisha kitabu, kisha anakaa. Bibi anamletea kahawa na jamu ya cheri, kisha anapapasa meza, anapanga vitu na kukifunika kisanduku kwa kitambaa kizito cha kufuma, kilichokunjwa mara mbili.

Muda si mrefu, sauti inakwaruza. Radivoje anapenyeza mkono chini ya kitambaa: kisanduku kinaunguza. Kumbe kila alipokuja alikiondoa kitambaa bila kufikiri, na kila alipoondoka kilirudi.

"Bibi, unakivisha blanketi. Kinapata joto mpaka kinazirai."

"Sasa kikae uchi, watu waseme sina mikono ya kufuma?" Anakipapasa kitambaa. "Hicho ndicho nilichofuma mwisho, kabla ya macho kuzima."

"Basi kitambaa kikae juu ya spika. Kila mgeni atakiona."

Radivoje anasema anaishukuru kahawa ile kuliko vifaa vyake vyote. Sasa anapanga kuwafungia visanduku wasioona wengine wa mjini, na katika kila nyumba atakaa kwanza anywe kahawa.

Kisanduku kimepoa. Sura ya kwanza inaisha. Ya pili inaanza. Radivoje ananyanyua begi lake taratibu.

"Kaa, mwanangu," anasema Bibi Vukosava. "Kinachofuata sikijui, na sitaki kukisikia peke yangu."