Furu Aliyefumba Mdomo

Majirani zangu wa Kahama walinicheka nilipoweka sebuleni tangi la furu, samaki wadogo wa ziwani. Kwao furu ni kitoweo tu, na mama mmoja kila akipita aliniuliza ninakaanga lini. Aliyenielewa ni rafiki yangu, fundi pampu aliyekulia Geita, pembeni mwa ziwa. Ndiye aliyenifundisha kwamba jike la furu huatamia mayai mdomoni, wala hali mpaka vifaranga watoke. Ukimkimbiza na wavu, hushtuka akawameza wote. Ukilazimika kumhamisha, umchote taratibu kwa bakuli alfajiri, akiwa bado amezubaa.

Dume wangu, wa bluu mwenye mkia mwekundu, alikufa umeme ulipokatika na mashine ya hewa ikazima. Sikuwa na mwingine. Ila jike alikuwa ameshafumba mdomo, taya limetuna, na mbegu yote ya yule dume imo mle ndani. Siku hizohizo nikaitwa msibani Mhunze. Nilimkabidhi rafiki yangu funguo za nyumba nikaondoka na moyo mweupe.

Niliporudi, alinipokea kwa sura ya msiba mzito kuliko ule niliotoka. Jike amekufa, akasema, akanionyesha chini ya mpapai alipomfukia. Nililia kama mjinga. Yeye akanichemshia chai.

Wiki chache baadaye nilipita kwake asubuhi bila kumwarifu. Mkewe akaniamkia kwa Kisukuma, “Mwangaluka,” akanikaribisha ndani. Kwenye tangi lao alikuwemo jike wangu, na pengo lake la pezi la mgongoni alipong'atwa na dume. Vifaranga walikuwa wakicheza mbele yake. Nilipoinama, wakakimbilia mdomoni mwake wote, naye akafumba.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilisikia nyayo za rafiki yangu nyuma yangu, nikamuuliza huyu ni nani. Hakuona haya hata kidogo.

“Kwako umeme unakatika kila siku, dada,” akasema. “Wangekufa wote.”

Nikamwambia ninamtaka samaki wangu. Akachukua wavu uliokuwa juu ya kabati, akanipa mkononi kwa adabu, kama anayempa mgeni maji ya kunywa.

“Kama ni wako, mchukue.”

Niliushika ule wavu nikamtazama jike, shavu limejaa, macho yananifuata. Nikaurudisha juu ya kabati nikaondoka. Alijua nitaurudisha, maana yeye ndiye aliyenifundisha.