Kodi ya Sahani

Mimi nafundisha uchumi chuo kikuu, Tunguu. Kila muhula nawaambia wanafunzi wangu kwamba pesa zikijaa mikononi mwa watu, na vitu vya kununua ni vilevile, bei hupanda, na serikali ina dawa moja chungu ya kutuliza mambo: itoze kodi. Watu watabaki na kidogo, watanunua kidogo, na bei zitapumua. Dawa hiyo ina sharti lake. Serikali ikizichukua pesa hizo na kuzimwaga sokoni siku ya pili, imejisumbua bure. Darasani maneno haya yanaandikwa. Nyumbani kwetu Mji Mkongwe hakuna aliyewahi kuyaandika.

Nyumbani tuko wawili, mimi na mama yangu. Niliolewa, nikaachika, nikarudi na masanduku mawili ya vitabu, na mama akanipokea kwa kuniuliza kama vitabu vile vinaliwa. Somo langu halipendi. Anasema sisi watu wa uchumi tunaongeza kodi, sukari inapanda, kisha tunajisifu kuwa tunashusha bei. Humweleza kwamba kodi ya bidhaa ni mbali, kodi ya kipato ni mbali, na kwamba lazima kutazama serikali imezitumiaje pesa zenyewe. Hunisikiliza mpaka mwisho, kisha huniuliza kama nimezima jiko.

Chumba cha mama kiko ghorofa ya juu kabisa, chini ya paa la bati, na bati lenyewe lilikuwa limechoka. Masika ya mwaka uliopita maji yaliingia mpaka godoro likalowa. Kaka yangu ana duka la vyakula Mwanakwerekwe na nyumba mpya yenye vigae hadi jikoni. Alikuja, akaligusa godoro, akasema, "Mama, maji yakiingia tena humu, nnakuja na gari kukuchukua. Sitaki kuitwa kuja kukuzika kwa homa ya mapafu."

Alisema kwa mapenzi. Kaka alipoondoka ndipo mama akaniambia mimi: "Kule kwake wakishafunga geti hujui hata jirani kapika nini. Mie ntakufa kwa kimya." Nilimwamini. Mama anamjua kila mtu wa uchochoro wetu kwa kikohozi chake. Na mimi nilikuwa na hofu yangu vilevile, maana mama akienda Mwanakwerekwe ningebaki peke yangu katika nyumba ya ghorofa mbili, nikizungumza na popo.

Kwa hiyo paa lilipaswa kutengenezwa kabla ya masika. Kibali cha kutengeneza nyumba ya Mji Mkongwe nilikuwa nacho tangu mwaka uliopita, kilichokosekana ni pesa. Mshahara wangu ni wa mwalimu, na Ramadhani ilikuwa imebisha hodi. Ramadhani ndio mwezi tunaofunga, na ndio mwezi tunaokula kuliko miezi kumi na moja mingine ikichanganywa.

Kinachotumaliza si matumbo yetu, ni sahani. Katika uchochoro wetu, kila jioni kabla ya adhana ya magharibi, sahani za futari hupishana milangoni zikiwa zimefunikwa kawa. Mwezi unapoandama huwa ni muhogo wa nazi kwa ndizi, mambo ya adabu. Baada ya siku chache mama hupeleka sambusa za nyama. Jirani wa mlango wa pili, shoga yake mama tangu wakiwa wasichana, hujibu kwa sambusa na katlesi. Mama hawezi kurudisha pungufu ya hapo. Ikifika katikati ya mwezi muhogo umeshaona haya na kujificha, na watu wanaletana biriani. Uchochoro ni uleule na matumbo ni yaleyale, ila sahani moja inagharimu mara tatu ya ilivyogharimu mwanzo. Huo ni mfumuko wa bei, na chanzo chake kilikuwa kimekaa jikoni kwetu kikisonga unga wa kaimati.

Siku ya kuandama mwezi nikatangaza bajeti. Nilimwambia mama kwamba kila sahani itakayotoka mlangoni kwetu kwenda kwa jirani itatozwa kodi. Gharama ya sahani, kiasi kilekile, itoke kwenye pochi ya jikoni iingie kwenye kopo la biskuti, na kopo litakuwa la paa.

"Na serikali ni nani?" mama akauliza.

"Mimi."

"Nani kakuchagua?"

Nilimkumbusha godoro, nikamkumbusha gari la kaka. Akaendelea kupepeta mchele. "Haya," akasema. "Sahani inayotoka ndiyo yenye kodi?"

"Naam."

"Isiyotoka haina?"

"Haina."

"Basi hazitoki."

Hapo ningepaswa kushtuka, lakini nilifurahi. Nilidhani mlipa kodi amepunguza matumizi, kama vitabu vinavyosema.

Sasa, kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Siku za kawaida unaweza kutia ndimu mbili au kiganja cha asumini, ukasalimika. Ramadhani, sahani iliyokuja na biriani ikirudi na ndimu, hayo ni matusi. Kwa hiyo mama, kwa kuwa hakuwa anatoa kitu, hakuweza kurudisha sahani. Na mwenye sahani haulizi. Kuulizia sahani yako Ramadhani ni sawa na kusema, "Nimekupa, mbona weye hunipi?" Hakuna mwanamke wa uchochoro wetu angetamka hilo hata akishikiwa kisu.

Majirani waliendelea kutuletea. Walidhani mama anaumwa, na kumfuturisha mgonjwa kuna thawabu zaidi. Tulikula kaimati za huyu, tambi za yule, mkate wa kumimina wa mwengine. Jikoni kwetu tulipika uji tu. Kila jioni mama alizikosha sahani za watu, akazifuta na kuzipandisha chumbani kwake, na pochi ya jikoni ikawa nzito kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Kwa kuwa hapakuwa na cha kutozwa kodi, nilizichukua pesa zilizobaki kwenye pochi na kuzitia koponi, nikaiita akiba ya serikali. Nilikwenda Tunguu nikifundisha kwa madaha.

"Mwalimu," akauliza mwanafunzi mmoja wa mbele, "na serikali ikikusanya tu, isitumie kabisa?"

"Bei zitatulia," nikamjibu.

"Na watu je?"

Nikamwambia saa zimekwisha.

Uchochoroni, kweli bei zilitulia. Biriani ilipotea na muhogo ukarudi. Nilijivuna mpaka nilipoanza kutazama vyombo. Jirani wa mlango wa pili alituletea futari ndani ya kifuniko cha sufuria. Wa mlango wa mwisho akaleta kwenye trei ya kuokea keki. Mke wa mwenye duka la vitambaa la Mlandege, mwanamke mwenye majivuno yake, alituma bajia ndani ya kopo la chakula cha skuli lenye picha ya sungura. Uchochoro mzima ulikuwa umeishiwa sahani. Zilikuwa kwetu, chini ya kitanda cha mama na juu ya kabati lake, na kawa zake zimepangwa pembeni. Sahani ndizo zilizokuwa pesa ya uchochoro ule, na mimi nilikuwa nimeiondoa pesa yote katika mzunguko.

Jirani yetu alikuja. Alikaa, akamjulia mama hali, akasema joto, akasema sukari, akasema wajukuu. Mwisho akasema, huku akitazama ukuta, "Shoga, niazime sahani mbili."

Alikuwa anaomba kuazimwa sahani zake mwenyewe. Mama akapanda juu, akakaa huko kidogo, akashuka na sahani mbili za yule mke wa mwenye duka. Alikuwa hakumbuki tena ipi ni ya nani. Jirani akazipokea, akashukuru, na jioni ile akapeleka futari kwa mke wa mwenye duka ndani ya sahani za mke wa mwenye duka. Siku ya pili wanawake hao wawili hawakusalimiana.

"Mama, zirudishe," nikamwambia.

"Nizirudishe tupu?"

"Tia chochote."

"Chochote kina kodi," akasema. "Weye ndo uliyesema. Mie raia mwema, siivunji sheria."

Nilikasirika. Nilimwambia anakwepa kodi. Akasema yeye hakwepi, anafunga, na kama nataka ugomvi nisubiri Idi. Na ukweli ni kwamba nilikuwa naweza kuifuta kodi ile hapo hapo. Lakini kila nikilitikisa kopo lilikuwa na uzito mtamu, na nilikuwa nshaulizia bei ya mabati. Tulikuwa tumebakisha kidogo tu.

Mvua haikusubiri. Ilikuja alasiri moja ya kumi la mwisho la mwezi, bila ya ngurumo, ikapiga kama mtu anayemwaga changarawe. Nilipofika juu mama alikuwa keshalisukuma godoro ukutani. Maji yalikuwa yanadondoka kila mahali, na ndoo tulikuwa nazo mbili. Mama aliingiza mkono chini ya kitanda, akaanza kunipa sahani. Nikazipanga sakafuni, za maua na za michirizi ya dhahabu, bakuli za supu, masinia, mpaka chumba chote kikawa kinalia ti-ti-ti, kila chombo na sauti yake.

"Usimwambie kaka yako," mama akasema. Sauti ilikuwa imemtoka nyembamba, na mimi nikaogopa kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimezoea kumwona mama akishinda.

Kwa kelele za mvua hatukusikia hodi. Tuligeuka tukamkuta jirani amesimama mlangoni mwa chumba, mkononi ameshika muhogo kwenye kifuniko cha sufuria. Alikuwa amepanda juu kwa kuona hatujibu. Akatazama sakafu. Alizitambua sahani zake za maua mekundu, alizopewa siku ya harusi yake, zimejaa maji ya paa. Akazitambua za jirani zake wote. Akatazama juu, akatazama godoro, kisha akamtazama mama.

Mama alikuwa hajawahi kumwambia mtu yeyote kuhusu paa. Aliogopa habari isije ikafika Mwanakwerekwe. Sasa alisimama katikati ya vyombo vya watu, kanga imelowa, akasema, "Shoga, nilikuwa nnataka kuzirudisha."

Jirani aliketi chini palepale. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, mpaka muhogo ukamwagika. "Nilidhani umetususa!" akasema. "Mtaa mzima tunaulizana tumemkosea nini!" Mama akaanza kucheka naye, kisha kicheko kikamgeuka akalia kweli, na akasema yote: paa, kaka, gari, geti, kodi. Mimi nikabaki na bakuli mkononi. Jirani akaniuliza kwa upole kama ni kweli nilikuwa nazitoza kodi sahani. Nikasema ilikuwa ni sera.

Mvua ilikatika usiku. Asubuhi, watu hawajamaliza kunawa uso, mume wa jirani, ambaye ni seremala, alikuwa juu ya paa letu. Mwenye duka la vitambaa alileta mabati yaliyobaki alipojenga banda la mizigo. Wengine wakaleta boriti, misumari, ngazi. Walifanya kazi wakiwa wamefunga, midomo mikavu, wakitaniana kuhusu serikali ya mwanamke. Mkewe yule mwenye duka alisimama chini akiamrisha, akimwita yule jirani yetu asiyemsalimia ashike ngazi.

Kaka alifika katikati ya kazi. Mvua ilikuwa imenyesha na kwake jana yake, na alikuja na pikapu kama alivyoahidi. Akaukuta uchochoro umejaa watu.

"Mama yuko wapi?" akaniuliza.

Kabla sijajibu, seremala akamwita kutoka juu: "Wee! Gari lako tupu? Lete hapa!" Wakampakilia mabati mabovu yote ya paa letu. Kaka alikuja kumchukua mama, akaondoka na kutu.

Paa lilipokwisha nilileta kopo langu la biskuti. Nilitaka kuwalipa. Mama akanizuia mkono, akanivuta ndani. "Fundi wa kukodi ndiye anayepewa pesa," akasema kwa ukali. "Jirani ukimpa pesa umemfukuza."

"Sasa hizi nizifanye nini?"

Akaonesha sakafu, sahani zilipokuwa zimepangwa, safi, kavu, zikisubiri.

Basi mapato yote ya serikali yangu yalitumika kwa siku moja. Mkesha wa Idi nilikwenda Darajani kununua nyama, kuku, mchele, samli, na kila kitu kilikuwa kimepanda, kwa sababu mji mzima ulikuwa umetoka na pesa zake. Nilinunua bila ya kushindana bei na mtu. Mama alipika pilau, akakaanga visheti, akawa anapanga rangi za sahani na kuuliza tena na tena ipi ya nani. Asubuhi ya Idi nilizichukua moja moja, buibui jipya likinuka viungo, nikapita mlango kwa mlango. Kila mmoja alipokea sahani yake, akaniambia Idi njema, na wawili watatu wakaniuliza kama imelipiwa kodi.

Nilipomaliza mvua ilianza tena, kubwa kuliko ile ya kwanza. Nilipanda juu mbio, kwa mazoea. Chumba kilikuwa giza, dirisha limefungwa, na mama alikuwa amejilaza kitandani na nguo zake za Idi, macho wazi, akitazama dari.

"Mama, umelala?"

"Sijalala," akasema. "Nnaisikiliza inavyokosa pa kuingilia."

Nikavua buibui, nikapanda kitandani, nikajilaza ubavuni mwake.