Mama Alipouliza Majedwali Yako Wapi

Kule Goweko, mama alipoulizwa binti yake anafanya kazi gani Tabora mjini, alijibu, "Yuko ofisini, kwenye kompyuta," kisha akaingiza habari za mvua. Sikumlaumu. Nesi ana sare, mwalimu ana wanafunzi. Mimi nilikuwa na seva moja ndani ya chumba chenye feni, na ndani ya seva majina ya wakulima wa tumbaku wa ushirika wetu, mashamba yao, na uzito wa kila robota lililopita kwenye mizani.

Mwaka ule diski ya seva ilianza kujaa. Ushirika ukanunua nyingine, kubwa zaidi, na meneja akanitaka niueleze mkutano wa wajumbe jinsi nitakavyohamisha hifadhidata.

"Waonyeshe kila jedwali linakaa wapi," alisema. "Ni majina yao, wana haki ya kuona."

Nikaiuliza hifadhidata yenyewe. Ikanipa orodha: upande huu jina la jedwali, upande ule eneo linakohifadhiwa. Majedwali mawili ya mizani ya zamani yalikuwa na jina la eneo, kwa kuwa yaliwahi kuwekwa kwenye diski ya pembeni. Mengine yote, likiwemo la wanachama, nafasi yake ilikuwa tupu.

Nilikuwa nimesoma kwamba tupu maana yake ni eneo la msingi, yaani pale hifadhidata inapoweka kitu usipotaja pa kukiweka. Lakini nilitaka kuona kwa macho yangu. Nikatengeneza jedwali la majaribio bila kutaja mahali, likatoka tupu. Nikatengeneza la pili, safari hii nikaandika wazi jina la eneo la msingi. Nalo likatoka tupu. Nilicheka peke yangu. Kumbe hata ukilitaja, mashine haioni haja ya kulirudia.

Siku ya mkutano mama alikuwepo. Chama chao cha msingi kilimchagua kuwa mjumbe, akaja kwa treni na mfuko wa matobolwa, vile viazi vitamu vikavu. Nilimwamkia mlangoni, "Shikamoo, mayu."

"Marahaba." Akaninyooshea kola ya blauzi, akaenda kukaa na wajumbe wenzake kana kwamba hatujuani.

Orodha ilipoonekana ukutani, watu wakaanza kunong'onezana. Mama akanyoosha mkono.

"Mwenyekiti, naomba kumuuliza mtaalamu." Hakuwahi kuniita hivyo. "Haya mawili yana mahali. La wanachama, lenye majina yetu sisi, halina. Limepotea, au hamjui liko wapi?"

"Halijapotea, mjumbe," nilisema. "Ukiulizwa ng'ombe wako wako wapi, utataja wale uliowaweka kwa shemeji yako kule Puge. Wa zizini mwako hutawataja, kwa kuwa wako nyumbani. Na orodha hii hutaja yaliyotoka nyumbani tu."

Watu wakacheka. Mama hakucheka, wala hakukaa.

"Na nikihamia kijiji kingine?"

"Wa zizini utahama nao. Nitakalofanya ni hilo. Nitahamisha eneo la msingi lenyewe kwenda diski mpya, na majedwali yote yenye nafasi tupu yatafuatana nalo. Haya mawili hayatafuata. Nitayahamisha moja moja."

"Kwa hiyo nafasi itabaki tupu, kabla na baada. Sasa mtu ataangalia nini ajue kwamba mmehama?"

Mkono wangu ulikuwa umeshika kalamu, nikaiweka mezani. Tangu nianze kazi ile hakuna aliyewahi kuniuliza swali zuri kama lile. Nikamjibu kwamba orodha ya majedwali peke yake haitoshi. Hifadhidata hueleza mahali pengine eneo lake la msingi ni lipi. Nitaunganisha majibu hayo mawili, ili kila penye nafasi tupu paandikwe jina la mahali. Mwenyekiti akaagiza iwe hivyo katika kila mkutano.

"Nimeridhika," mama akasema, akaketi.

Hifadhidata haihamishwi watu wakiwa wanaitumia, hivyo nilisubiri Jumamosi, ofisi ikiwa imefungwa. Mama alikuwa bado kwangu, tukaenda wote. Alikaa kwenye kiti cha meneja akimenya karanga na kunitazama. Kabla ya saa ya chakula kazi ilikwisha. Nilifungua orodha ya zamani: tupu vilevile, na sasa hata yale mawili yalikuwa tupu, kwa kuwa nayo yamerudi nyumbani. Kisha nikafungua niliyoiandika mimi, na mbele ya kila jedwali pakaonekana jina la eneo jipya.

Mama alivaa miwani, akasoma mstari kwa mstari hadi kwa wanachama. "Hili hapa," akasema. Akaomba kuliona jina lake. Nikamfungulia, lilikuwepo, na shamba lake.

Tulitoka kwenda kula, tukishika barabara inayofuata njia ya zamani ya misafara. Akanishika mkono mbele za watu, jambo ambalo si kawaida yake.

"Swali la kwanza niliuliza kwa hofu," alisema. "Hayo mengine niliuliza ili wajumbe wa Nzega na Igunga wakusikie."

"Na wamenisikia?"

"Mjumbe mmoja, mama wa kule Choma, ameniuliza wewe ni binti wa nani."

Sikumuuliza alijibu nini. Alikuwa akitembea kifua mbele, nami nikaongeza mwendo tulingane.