Mchanga Juu ya Kaburi la Mume Wangu

Tulipomzika mume wangu kwenye shamba la wazazi wake, kando ya ziwa Elementaita, maji yalikuwa yamepanda hadi karibu na ua. Mwaka mzima nilitoka nyumbani kwangu Kiamunyi kila Jumamosi kulifagia kaburi, na nililikuta vile nilivyoliacha.

Kisha maji yakaanza kurudi nyuma. Mimi sikuyaangalia maji. Nilichoona ni mchanga. Jumamosi moja ulikuwa umefunika maua. Baada ya wiki chache ukafika kwenye mikono ya msalaba. Hata matoka, yale mayungiyungi tuliyopanda kuonyesha mpaka kati ya sehemu yetu na ya shemeji yangu, hayakuonekana tena.

Shemeji, mdogo wa marehemu, ndiye pekee aliyeishi pale. Alikuwa na koleo na toroli. Nilijua pia kwamba watu wanaotafuta mahali pa kuweka hema za watalii walikuwa wamemtembelea. Nikaona ananifukia mume wangu mara ya pili, ili siku moja aseme hapo hakuna kaburi wala mpaka. Niliwaambia hivyo akina mama wa kikundi chetu cha kanisa, nao wakayaeneza.

Nilipomuuliza, alicheka kidogo.

"Ni upepo, shemeji. Kama kazi hiyo naifanya mimi, basi huo upepo unilipe mshahara."

Akanieleza mambo ya Mombasa, alikokuwa akipeleka lori. Akingoja mzigo, alikuwa akikaa ufuoni. Bahari ikienda mbali, mchanga unakauka juu na upepo unaupeleka hadi barabarani. Bahari ikirudi, upepo ni uleule, lakini mchanga umelowa, haunyanyuki. Kule ni mambo ya saa, alisema. Hapa kwetu maji huchukua miezi.

Sikumwamini. Mtu mwenye jibu tayari hunitia wasiwasi.

Jumamosi iliyofuata nilifika mapema, nikachota maji ziwani kwa mtungi. Nililowesha kipande cha ufuo mbele ya kaburi, nikaacha kingine kikavu, na jua lilipokikausha kile cha kwanza nikakilowesha tena. Nyuma ya kila kipande nilitandaza leso na kuikandamiza kwa mawe. Nikaketi, macho yangu kwenye mlango wa shemeji.

Saa nane upepo wa ziwani ulianza. Mchanga ulikimbia chini chini, kama moshi uliokataa kupanda. Kufikia saa kumi, leso ya upande mkavu ilikuwa imefunikwa nusu. Ile nyingine ilikuwa na chembe nilizozipangusa kwa kiganja. Mlango haukuwa umefunguka.

Nilifukua kwa mikono kwenye mstari wa mpaka. Matoka yalikuwa palepale, majani yamegeuka manjano, mizizi haijaguswa.

Nilibisha kwake nikamwambia yote niliyowaambia akina mama, na kwamba kesho yake ningesimama mbele yao niyafute. Alikuwa ameshasikia. Akanipa koleo, yeye akachukua toroli, tukaufukua msalaba hadi chini.

Jumapili nilisimama kweli. Lakini siwezi kudanganya: hadi leo nikifika, kwanza nahesabu hatua kutoka ua hadi kaburini. Shemeji huniona. Husubiri nimalize, ndipo anisalimie.